Nani Atampikia Fundi Makande

Karatu Mjini,
Jumapili, 14 Julai 2024

Kaka yangu Clemensi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta Dodoma ukiwa mzima, wewe na wifi Marsela na wale mapacha, ambao nasikia sasa wanavaa viatu namba moja na baba yao. Kile kifua cha wifi kimeshatulia? Mwambie asiache kunywa vitu vya moto. Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi ya Julai imekaza, ukungu unashuka kutoka msituni hadi uani kwangu, saruji inachelewa kukauka, na kila jioni nafunika kazi zangu kwa magunia kama mtu anayelaza watoto. Shangazi Angela wa Kansay miguu bado inamvimba ila mdomo wake ni mzima kabisa, kama utakavyoona mbele. Mdogo wetu Fabian yupo.

Utashangaa kupata barua wakati namba yangu unayo. Kaka, kwenye simu wewe ni mkubwa. Ukikohoa tu mimi nanyamaza, nimezoea hivyo tangu utoto. Karatasi haikohoi. Nampa dereva wa basi bahasha hii kesho asubuhi, na nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, asimwachie mlinzi.

Uliniandikia kwamba mwezi wa nane unakuja na familia kwa misa ya Baba, na kwamba unataka nimjengee kaburi kabla ya siku hiyo, la tailizi nyeusi zile za bei, na ukatuma kianzio bila hata kuuliza jumla itakuwa ngapi. Nimeisoma. Jibu langu liko mwishoni mwa barua hii na nakuomba usiruke kwenda kulitafuta, kwa sababu halitaeleweka bila haya ya katikati. Haya ya katikati yanahusu kile kipande changu cha shamba kule Mbulumbulu, ambacho mwezi uliopita nusura nikikose.

Nianzie Pasaka. Unakumbuka ulipokuja tukakaa jikoni kwangu tunachambua maharage, wewe na mikono yako ya ofisini unatupa mazima na kuacha yaliyotobolewa? Uliniuliza kwa upole, na upole wako uliniingia, nawezaje kuishi kwa kujenga makaburi katika mji huu ambao kila kijana mwenye mwiko anajiita fundi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huniuliza kama siogopi, au kwa nini siolewi. Wewe uliuliza habari ya kazi. Basi nikafunguka.

Nilikuambia kwamba nilianza kwa kubeba ndoo za mchanga kwenye ujenzi wa hoteli, nikilipwa kwa ndoo, na kwamba mwaka wa kwanza wa kujitegemea nilipokea kila mtu aliyepita mlangoni, na mwaka huo ndio niliolala njaa zaidi. Aliyeniponza zaidi ni yule wa kaburi la mzee mmoja. Nusu ya familia ilikuwa imeniita, nusu nyingine ikanishitaki kwamba nimejenga kwenye shamba la watu, na msimu mzima wa mavuno nilikaa kwenye benchi la baraza la kata kama shahidi, wakati wenzangu wanafanya kazi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mteja mbaya hali faida yako tu, anakula na nafasi ya wateja wanne wazuri waliokuja ukiwa huna muda.

Nikakueleza namna ninavyowachuja. Sipokei kaburi kwa mtu mmoja. Marehemu ni wa wengi, basi waje angalau wawili, wa nyumba mbili tofauti. Sitengenezi bamba la zege uani kwangu kabla sijaenda kupima mwenyewe kwa kamba yangu. Na palipo na maneno juu ya ardhi nasubiri ukoo ukae kwanza, hata kama wananilipa mara mbili. Wewe unajua huku kwetu kaburi likishajengewa lina nguvu kuliko hati. Kaburi la udongo mvua inalisawazisha, lakini la zege likishakaa, mwenye shamba analizunguka, mnunuzi analizunguka, na baraza lenyewe linalizunguka.

Ukauliza nawakataaje bila kugombana nao. Nikakuambia siwaambii hapana. Nawaambia ratiba imejaa mpaka baada ya mavuno, na anayekasirika namwongezea chai. Nikakusimulia ya Simel wa Nainokanoka, aliyetaka nimwekee tailizi kwenye duka lake kule hifadhini, nikamwambia alete kwanza kibali cha kujenga. Alininunia miezi, mpaka waliojenga bila kibali wakabomolewa. Leo akishuka Karatu ananiletea maziwa kwenye kibuyu na kuwaambia watu kwamba yule mama alimwokolea tailizi zake.

Tulicheka sana. Haya yote, Kaka, yakiwa yamekaa pamoja hivyo, nilikueleza wewe peke yako. Hata Fabian niliyemfundisha kazi sijawahi kumkalisha nikamweleza. Yeye alikuwa akiniona nafukuza watu na kudhani ni kiburi.

Sasa, mwanzoni mwa mwezi wa tano, mvua bado zinapiga, alikuja uani mtu anaitwa Msafiri. Wewe humjui, au ndivyo nilivyodhani. Ni dalali hapa mjini, wa mashamba na magari, miwani ya jua iko kichwani hata kukiwa na mawingu. Alikuja na wazee wawili wenye makoti, akanitambulisha kwao kwamba huyu ndiye fundi mwenyewe. Wakakaa kwenye mifuko ya saruji. Kabla sijafungua mdomo akaanza. Akasema wamekuja watatu kwa kuwa wanajua marehemu ni wa wengi, na hawa wazee ni wa nyumba mbili tofauti. Akasema vipimo anavyo tayari, ila kama nina wasiwasi naweza kuwapa kamba yangu wakapimie. Akasema ukoo umeshakaa na hakuna neno juu ya ardhi. Kaburi ni la bibi yao, kule Mbulumbulu. Jina la kuandika wataleta baadaye wazee wakishakubaliana. Mimi nitengeneze mabamba na jiwe la kichwani hapahapa uani, nigandamize ile alama yangu ya jani la kahawa upande wa miguu kama kawaida, wao watakuja kubeba na kuunganisha wenyewe. Nikataja bei. Hakuomba nipunguze.

Nilikaa nikimtazama. Karatu mtu asiyeomba kupunguziwa ama ni mtalii ama ana jambo lake. Lakini mtu akishakujibu maswali yako yote unakosa pa kushika. Mvua zile kazi zilikuwa chache, na nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu kichwani, mifuko minne ya saruji, nondo mbili, tailizi boksi sita. Nikawamiminia chai. Na nikiwa namimina nikauliza swali ambalo huwa nauliza tu, si la kuchuja mtu, ni la kujua niondoke nyumbani nimekula au sijala, maana siku ya kuunganisha huwa naenda kusimamia hata nikiambiwa nisihangaike. Nikauliza siku ya kuunganisha ni nani atapika.

Wewe umekaa mjini siku nyingi, labda umesahau. Siku ya kujengea kaburi nyumba ile inapika makande, ya fundi na ya majirani wanaokuja kushika zege. Sufuria ile huwa ina mwenyewe. Kama marehemu aliacha binti ni binti, kama hana ni mkwe, na nimeona wakwe wakinyang'anyana mwiko wa kupikia mbele ya padre. Hakuna familia ambayo ukiuliza nani atapika wanasita. Wanakujibu wote kwa pamoja, na mara nyingi kila mmoja anataja mtu wake.

Wale wazee wawili walitazamana. Mmoja akatazama kikombe. Msafiri akacheka, akaniambia, "Mama fundi, chakula kisikusumbue. Tutakuletea chipsi mayai kutoka hapa mjini."

Nikajua hapo hapana bibi wa mtu. Nikamwambia ratiba yangu imejaa mpaka baada ya mavuno. Akaongeza bei. Nikamwongezea chai. Mwisho waliondoka, na mmoja wa wale wazee, Mungu ambariki, alinipa mkono kama mtu anayeomba radhi.

Hasna, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye nimepanga uani kwake, alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. Alitoka na khanga yake kichwani akaniuliza kama nimepata wazimu, mvua hizi, mtu anaongeza bei na mimi namnywesha chai. Akasema nachagua wateja kama binti anayechagua mchumba, na umri wenyewe ndio huu. Nikamwambia afadhali kukosa kazi kuliko kupata ile. Sikujua nilichokuwa nakisema.

Mwezi wa sita nikaenda Mbulumbulu kung'oa maharage. Kwa muda mrefu sikuwa nimekwenda kule, barabara ilikuwa tope tupu, na Fabian alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba maharage yako vizuri, nisihangaike. Unajua eka zile nne zilivyokaa. Zako moja na nusu juu, za Fabian moja na robo chini pamoja na nyumba, na yangu moja na robo katikati, ile inayogusa barabara, ambayo Baba alinikatia akiwa hai, anatembea kwa mkongojo mbele ya majirani na kuonyesha miti ya manyara ya mpaka. Unajua pia kwamba mwezi wa kwanza ulinipigia kuhusu yule mtu anayetaka kujenga kambi ya mahema pale kwa sababu msitu wa Ngorongoro unaonekana wote, na kwamba anataka eka zote nne au hataki hata moja. Nikakuambia siuzi. Ukanijibu, sawa mdogo wangu, ni lako. Nililishika sana hilo neno.

Nilifika na wanawake wawili wa kibarua. Tukaanza kung'oa kutoka barabarani kwenda juu. Tulipokaribia kona ya manyara, yule wa mbele yangu akasimama, akajifunga khanga vizuri, akaniuliza mbona sikuwaambia kwamba kuna mtu amelala humu.

Kaburi, Kaka. Katikati ya maharage yangu. La zege, na tailizi za bluu pembeni, na pembezoni wamepanga mawe yenye ukungu wa kijani ili lionekane la siku nyingi. Jiwe la kichwani limeandikwa, "Hapa amelala Bibi Rozalia, mama wa ukoo." Bibi yetu. Mama yake Baba. Na upande wa miguu, kwenye zege, jani la kahawa.

Nitakuambia nilichofanya kwanza, na unaweza kunicheka. Nilichuchumaa nikalikagua. Kona ya kushoto haikuwa mraba. Bamba la juu lilikuwa limeshapasuka kama utosi wa mtoto, yaani saruji ilikuwa ndoo moja kwa nane za mchanga au zaidi, mahali mimi naweka moja kwa nne. Na mistari ya mwiko ilikuwa imelala upande wa kushoto. Mkono ule naujua. Niliushika mimi mwenyewe miaka saba iliyopita nikauonyesha namna ya kulainisha zege, na kila siku nilikuwa naukemea kwa kulala kushoto.

Fabian alitoka nyumbani akaja polepole, hakunitazama. Alisema Bibi yuko pale siku zote, kwamba Baba alimwonyesha kabla ya kufa, na yeye amejengea tu kwa heshima. Nikamuuliza mbona Baba hakunionyesha mimi niliyemwosha miguu mpaka siku ya mwisho. Akasema hayo ni mambo ya watoto wa kiume.

Nikamwita Mzee Emilian, mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja na wazee wengine watatu na watu wakajaa, maana habari ya kaburi jipya haitaki mjumbe. Mzee Emilian alizunguka, akainama upande wa miguu, akapangusa vumbi kwa kofia yake.

"Hyasinta," akaniuliza, "hili si jani lako?"

Kila kaburi nililojenga tangu Karatu mpaka Rhotia lina jani lile, watu wanaliita muhuri wa Hyasinta, na wote pale walikuwa wameshaliona kwenye makaburi ya mama zao. Niliona macho yao yanabadilika. Kama nimelijenga mimi, basi nimekubali mimi. Mzee Emilian akasema kwa upole kwamba kama mama wa ukoo amelala pale basi pale ni pa ukoo, binti anaweza kulima lakini hawezi kusema ni pake, na jambo hilo wazee watalikalia Jumamosi.

Nilikupigia jioni ile. Nilikuambia tu kwamba nimekuta kaburi shambani kwangu na Fabian ananigeuka, na nikakuomba uje, au hata uwapigie wazee uwaambie maneno ya Baba. Ukasema tusigombane juu ya marehemu, tusimsumbue Bibi, tuwaachie wazee waamue. Nikakushukuru. Nililala nikijisikia vibaya kwamba nimekusumbua na kazi zako.

Mtu aliyebaki ambaye angejua Bibi alizikwa wapi ni mmoja, Shangazi Angela. Bibi alifariki ukoo ungali Kansay, kabla Baba hajahamia Mbulumbulu, lakini neno langu lisingetosha, kwa kuwa wakati huo wewe ulikuwa unatambaa, mimi na Fabian hatujazaliwa. Majirani wa Mbulumbulu hawakumjua. Na Shangazi hajatoka kwake tangu miguu ilipomwanza, na waliopanga jambo hili walilijua hilo. Nilikwenda Kansay. Nilimweleza. Alinisikiliza akiwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta, kisha akaniuliza gari liko wapi.

Gari sikuwa nalo. Hasna ndiye aliyetoa kirikuu chake cha kubebea saruji. Hakutaka hata tuzungumzie mafuta. Aliweka godoro nyuma, akafunga turubai, akamwamuru dereva wake aendeshe kama amebeba mayai. Huyo ni mpangishaji wangu, Kaka. Si ndugu yangu.

Jumamosi wazee walikaa kwenye nyasi karibu na lile kaburi. Walipoona kirikuu kinaingia na Shangazi amelala nyuma na mkongojo wake kama bunduki, Fabian alisimama, akakaa, akasimama tena. Shangazi alishushwa na vijana wawili. Aliwasalimu wazee kwa Kiiraqw, mmoja mmoja, akauliza habari za ng'ombe na za wake zao, hakuharakisha. Kisha akasogea, akalipiga lile bamba kwa ncha ya mkongojo mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

"Mama yangu nilimfunika mimi mwenyewe, Kansay, chini ya ule mti mrefu wa nyuma ya zizi," akasema. "Nilikuwa na mimba ya kwanza, wakanikataza kushika udongo, nikashika. Hapa mmemfunika nani?"

Mzee Emilian akamtazama Fabian. Fabian, unamjua, tangu mdogo akibanwa analia kwanza ndipo anasema. Alianza kulia. Akasema yeye hakutaka jani lile, kwamba jani halikuwa wazo lake. Nikamuuliza lilikuwa la nani. Nilidhani atamtaja yule dalali.

Akaniambia, mbele ya watu wote, "Kaka Clemensi alisema ukilijenga mwenyewe hutakuwa na la kusema. Ulipomkataa Msafiri akasema basi nijenge mimi, niweke na jani."

Hapo ndipo mambo yalipojipanga kichwani kwangu. Wazee wawili wa nyumba mbili tofauti. Vipimo tayari. Ukoo umeshakaa. Msafiri hakuwa amenijibu maswali yangu, alikuwa amekariri majibu niliyokupa mimi tukichambua maharage. Nilikupa ufunguo wa kazi yangu kwa furaha, kwa sababu hatimaye ndugu yangu ameniuliza, na wewe ukaenda ukaupa mtu mwenye miwani kichwani. Na siku ile kwenye simu nilikuambia kaburi tu. Sikuwa nimekutajia Bibi. Wewe ndiye uliyemtaja.

Nimekaa na jambo hili tangu siku ile nikijaribu kulipiga hesabu kama ninavyopiga hesabu ya kazi yoyote, na halitoki. Kama ungesema unataka shamba, ningejua nagombana na nani. Kama ungekuja na kuninyang'anya, ningekuita mnyang'anyi na tungeishia hapo. Lakini ulitaka nijichimbie mwenyewe, kwa saruji yangu, na kwa alama ninayoweka ili watu wajue nimefanya kazi safi. Ulitaka niwe fundi wako na nisijue. Na ulinitumia mteja ukijua ninavyohitaji kazi mvua zikinyesha. Kilichoniokoa si akili yangu, Kaka, maana akili yote nilikuwa nimekupa. Ni njaa. Niliuliza habari ya makande.

Mzee Emilian alivaa kofia yake, akasimama, akatembea kwenye manyara kutoka kona hadi kona kama alivyofanya Baba, akasema mbele ya watu wale wale kwamba kipande ni cha Hyasinta kama mzee alivyosema. Wazee wakaitikia. Limekwisha hilo, na yule mtu wa kambi ya mahema nasikia ameshaenda kutafuta upande wa pili.

Lakini kaburi lilibaki. Hapo ndipo nilipoona mlivyolifikiria vizuri. Hakuna aliyetaka kulivunja. Wote wamesikia kwamba halina mtu, na bado vibarua niliowaita walifika, wakaona jiwe la kichwani, wakavua kofia, wakaondoka na vyakula vyao. Mzee Emilian alinishauri niliache, nilime pembeni. Katekista alisema hakubariki kitu pale, kwa hiyo hana cha kuondoa. Nilimwambia Fabian wewe umejenga, wewe vunja. Akaniambia anaogopa jina la Bibi lililoandikwa. Aliandika mwenyewe, lakini analiogopa.

Basi nilivunja mimi. Asubuhi, na nyundo kubwa niliyoazima dukani kwa Hasna. Shangazi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akinitazama, na watu walisimama barabarani, hawakuvuka manyara. Jiwe la kichwani sikulipiga. Nilililaza kifudifudi nikafuta maandishi kwa tindo, herufi moja baada ya nyingine, kisha ndipo nikalivunja. Kazi yangu yote ni kuweka watu walale vizuri, sikuwahi kudhani siku moja nitainua nyundo juu ya kaburi. Mabamba yalivunjika kama biskuti. Hata uongo wenu mlimpa fundi wa bei rahisi. Na chini, nilipoondoa kifusi, hapakuwa hata na shimo. Palikuwa na mizizi ya maharage yangu, yaliyoliwa na kivuli kabla hayajatoa maua. Hawakuchimba hata kidogo.

Kifusi nimekitumia. Nimejaza nacho msingi wa nyumba ndogo ya vyumba viwili kwenye kona ileile, na nimeshafika usawa wa dirisha. Na jani la kahawa siliweki tena kwenye kazi zangu. Nimekaa naangalia majani uani, sijapata lingine la kuamini.

Sasa jibu lako.

Kianzio ulichotuma nimekirudisha kwenye simu yako leo asubuhi kabla sijashika kalamu. Utakuwa umeona ujumbe ukadhani ni makosa. Si makosa. Kazi yako siipokei. Wengine nawaambia ratiba imejaa na kuwamiminia chai, wewe nakuambia waziwazi kwa sababu ni ndugu, kwamba sitaki uwe mteja wangu, wa kaburi, wa sakafu, wala wa ngazi moja ya mlango. Wala usinitumie mtu mwingine kwa niaba yako. Sasa nauliza maswali ambayo hujui.

Baba si mteja. Baba nitamjengea, kwa fedha yangu, saruji moja kwa nne, la kijivu la kawaida, maana tailizi nyeusi alizikataa mwenyewe akisema zinafanana na kaunta ya baa. Litakuwa tayari kabla ya misa. Juu ya jiwe nitaandika jina lake na la Mama, na chini yake, watoto: Clemensi, Hyasinta, Fabian. Kwa mpangilio huo, wewe wa kwanza. Hasna aliponiona nachora herufi alisema angekuwa yeye angekuacha nje. Nilimwambia wewe ni mtoto wake kweli, na mimi siandiki uongo kwenye kaburi.

Mkija mwezi wa nane karibuni. Makande nitapika mimi, mimi ndiye binti. Wifi na mapacha watakula ndani, wana mahali pao kwangu siku zote. Wewe utapewa sahani yako nje, pamoja na wageni waliokuja kwa marehemu.

Shangazi Angela anakusalimu. Amesema niandike hivyo na nisiongeze neno. Hasna anamsalimu wifi na kumwambia kile kifua anywe tangawizi. Watoto wapokee upendo wote wa shangazi yao. Usisahau kuvaa sweta, Mbulumbulu mwezi wa nane kuna baridi kuliko unavyokumbuka.

Ni mimi, mdogo wako,

Hyasinta
Fundi, uani kwa Hasna, Karatu